SOMO: KIPIMA-JOTO CHA ZEBAKI NA KIPIMA-JOTO KIPYA

Mwezi wa sita baridi ya usiku hushika sana hapa Likasi. Watu hufunga milango na madirisha, nao huingiza mbabula ndani ili nyumba ipate moto. Usiku mmoja wa namna hiyo niliitwa kumwona mtoto mwenye homa. Mama yake alikuwa mtu wa bidii. Alikuwa na kipima-joto cha kioo alichoachiwa na baba yake. Alipokitikisa ili zebaki ishuke, kiligonga ukingo wa kitanda, kikavunjika. Zebaki ikatawanyika sakafuni kama shanga ndogo za fedha. Watoto wakubwa wakakimbilia kuziokota. Mama naye akashika ufagio, akitaka kuzikusanya na kuzitupa katika makala ya mbabula pamoja na vipande vya kioo.

Nikasema, “Mama, ngoja! Weka ufagio chini. Tutoe watoto wote nje kwanza.”

Akanitazama kwa mshangao. “Muganga, si wewe uliyetufundisha kupima homa kwa chombo hiki?”

Ndiyo, ni mimi. Tena nilipokuwa mwanafunzi niliichezea zebaki katika kiganja changu, wala hakuna aliyenikataza. Basi, somo hili ni jibu kwa swali la mama yule.

1. ZEBAKI NI NINI?

Zebaki, ambayo wengine huiita merikiri, ni madini kama shaba na risasi, lakini yenyewe ni ya majimaji. Ni nzito mara 13 na zaidi kuliko maji. Ikipata joto huvimba, na kwa sababu hiyo hupanda katika mrija mwembamba wa kioo. Mwaka 1714 Fahrenheit alitengeneza kipima-joto cha zebaki, na tangu wakati ule chombo hiki kimewasaidia waganga wengi. Hatukidharau. Kilifanya kazi njema.

Lakini zebaki ina tabia moja isiyoonekana. Ikiwa wazi, hutoa mvuke polepole hata bila moto. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Ukiipasha moto, mvuke huwa mwingi mara moja.

2. HATARI YAKE IKO WAPI?

Wazazi wengi huogopa mtoto asiimeze. Kumbe zebaki ya kipima-joto ikimezwa, kwa kawaida hupita tumboni na kutoka, na mwili hushika kidogo sana. Hata hivyo mpeleke mtoto kwa muganga, kwa maana vipande vya kioo vyaweza kumkata. Hatari kubwa zaidi huingia kwa pumzi. Sehemu kubwa ya mvuke unaovutwa hubaki mwilini, nao hufika katika ubongo na mafigo. Mvuke mwingi huleta kikohozi, maumivu ya kifua na kukosa pumzi. Mvuke kidogo wa siku nyingi huleta kutetemeka kwa mikono, usahaulifu, kukosa usingizi na vidonda vya ufizi. Wanaodhurika upesi ni watoto wadogo na mtoto aliye tumboni mwa mama.

Sasa waona kwa nini nilimzuia mama yule. Ufagio ungezigawanya shanga zile kuwa ndogo zaidi, na mvuke ungeongezeka. Moto wa mbabula katika nyumba iliyofungwa ungewavutisha wote sumu usiku ule ule. Hatari hiyo hiyo huwapata wachimbaji wa dhahabu wa Ituri na Kivu ya Kusini, wanaoshika dhahabu kwa zebaki na kuichoma.

3. KWA NINI MATAIFA YALIPATANA KUIACHA?

Katika mji wa Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga baharini maji yenye zebaki ya namna iliyo kali sana. Samaki waliishika, na watu wakala samaki. Mwaka 1956 waganga waliutambua ugonjwa ule. Watoto wengine walizaliwa na ubongo ulioharibika, ingawa mama zao walionekana wazima. Kwa hiyo patano la mataifa juu ya zebaki laitwa Patano la Minamata. Lilitiwa sahihi mwaka 2013, likaanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017. Nchi zilizoliingia zilikubali kwamba baada ya mwaka 2020 vipima-joto vya zebaki visitengenezwe tena wala kuingizwa nchini, isipokuwa kwa zile zilizoomba kuongezewa muda.

Jambo hili si la hospitali tu. Katika nchi za baridi kuna nyumba zenye tangi la maji ya moto linalopasha vyumba vyote joto. Ukutani hukaa chombo kinachoamuru moto uwake au uzime. Vyombo vingi vya zamani vya namna hiyo vina kichupa cha zebaki, mara nyingi gramu 3 hivi. Navyo hubadilishwa kwa vyombo vya umeme. Kipima-joto cha mgonjwa kina kama gramu 1 au pungufu, lakini chumba chetu ni kidogo na dirisha limefungwa.

4. KIPIMA-JOTO KIPYA

Kipima-joto kipya hakina zebaki. Katika ncha yake kuna kitu kidogo ambacho joto likibadilika, umeme hupita ndani yake kwa namna nyingine. Chombo huhesabu, kisha huonyesha tarakimu.

Kitumie hivi:
(a) Futa jasho la kwapa. Washa chombo.
(b) Weka ncha katikati ya kwapa, na ushikilie mkono wa mtoto ubanwe kifuani.
(c) Ngoja hata kilie. Usikitoe mbele ya hapo.
(d) Soma tarakimu na uziandike. Kwapani, 37.5 au zaidi ni homa.
(e) Safisha ncha kwa kitambaa chenye sabuni au alkoli. Usikichemshe.

Kumbuka, chombo hupima joto, hakitaji ugonjwa. Mtoto mwenye homa apimwe damu kwa ajili ya malaria. Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa aende hospitali bila kukawia. Vivyo hivyo mtoto wa umri wo wote asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, anayeshikwa na degedege, au aliyelegea sana.

Tena chombo kipya kina hatari yake. Betri ikiisha, usizitegemee tarakimu zake. Na ile betri ndogo iliyo kama kifungo, mtoto akiimeza, yaweza kuunguza koo lake kwa muda wa saa mbili tu. Usimtapishe. Kimbia naye hospitali. Betri mpya na nzukuu zifichwe mbali na watoto.

5. CHA ZAMANI KIKIVUNJIKA

(a) Toa watoto, mama wenye mimba na wanyama. Toa mbabula nje pia.
(b) Fungua madirisha na mlango wa nje. Funga milango ya vyumba vingine.
(c) Vua pete, kwa maana zebaki hushika dhahabu. Vaa mipira ya mikono.
(d) Sukuma shanga pamoja kwa karatasi ngumu. Zivute kwa sindano isiyo na ncha, au zisukume juu ya karatasi. Angaza kwa tochi chini chini, nazo zitang’aa. Vipande vya kioo viokotwe pia.
(e) Tia vyote katika chupa yenye maji kidogo, uifunge sana, uandike juu yake: ZEBAKI, SUMU.
(f) Acha chumba wazi siku nzima kabla watoto hawajarudi kulala humo.

Usifagie. Usichome. Usimwage chooni wala mtoni. Wala usiiuze kwa mtu ye yote anayetafuta zebaki.

6. KAMA UNACHO CHA KIOO TU?

Mama maskini aweza kuuliza, “Nikitupe leo, nami sina kingine?” La. Kipima-joto kizima hakitoi mvuke. Kitunze katika kifuko chake, mbali na watoto, ukipime mtoto ukiwa umeketi, hata upate kipya. Ukiisha kupata kipya, usikitupe cha kale katika takataka. Kipeleke kwa muuguzi mkuu wa kituo cha afya. Naye asivikusanye katika kabati la chumba cha wagonjwa, bali katika sanduku gumu lililofungwa, penye hewa, huku akiuliza wakuu wa zone ya afya pa kuvipeleka.

Mama yule alilala kwa jirani na watoto wake usiku ule. Asubuhi chupa ilikuwa imefungwa, na mtoto alikuwa amekwisha anza dawa ya malaria.

MASWALI

1. Zebaki huingia mwilini hasa kwa njia gani?
2. Kwa nini ufagio na moto ni vibaya?
3. Joto gani la kwapani ni homa?
4. Betri ndogo ikimezwa, utafanya nini?
5. Nani nyumbani kwako ana kipima-joto cha kioo? Nenda ukamfundishe somo hili.