Upasuaji wa Kupunguza Unene: Unafanya Nini kwa Kisukari?



Kwetu, mtu akinenepa husemwa kwamba maisha yamemkubali. Kwa hiyo upasuaji wa kupunguza unene ukitajwa, wengi hudhani ni mambo ya urembo. Lakini daktari akikutajia upasuaji huo nawe una kisukari aina ya pili, hafikirii umbo lako. Anafikiria sukari, shinikizo la damu na mafuta yaliyojaa kwenye ini.

Aina zinazofanywa zaidi ni mbili. Ya kwanza, sehemu kubwa ya mfuko wa chakula hukatwa na kuondolewa, unabaki mwembamba kama ndizi. Ya pili, hutengenezwa kifuko kidogo juu ya mfuko huo na kuunganishwa na utumbo mdogo, chakula kikapita njia ya mkato.

Kinachoshangaza ni kwamba kwa wagonjwa wengi sukari huanza kushuka ndani ya siku chache tu, kilo zikiwa bado hazijapungua sana. Kwanza, mtu anakula kidogo mno, hivyo mafuta ya ini hupungua na ini huacha kumwaga sukari ovyo kwenye damu. Pili, chakula kikifika utumboni haraka, utumbo hutoa homoni zinazochochea kongosho kutoa insulini na kuuambia ubongo kuwa umeshiba. Ndiyo maana dozi za dawa hupangwa upya mara moja. Anayeendelea na insulini ileile ya zamani anaweza kuzirai.

Je, ni kupona kabisa? Hapana. Utafiti mkubwa wa Sweden ulionyesha kwamba miaka 2 baada ya upasuaji, wagonjwa 72 kati ya 100 hawakuwa tena na kisukari. Baada ya miaka 10 walibaki 36. Kwa hiyo usiache kupima sukari, macho na miguu. Vitamini na madini utameza maisha yote. Soda au chai ya sukari nyingi inaweza kukuletea jasho, moyo kwenda mbio na kuhara. Kina mama hushauriwa kusubiri miezi 12 hadi 18 kabla ya kushika mimba, na anayetaka kufunga Ramadhani azungumze kwanza na daktari.

Sasa sikiliza hili, maana wengi hawaambiwi. Kwa kawaida NHS hufikiria upasuaji huu kwa mwenye BMI ya 40, au 35 akiwa na ugonjwa kama kisukari. Kwa watu wenye asili ya Afrika, Asia na Mashariki ya Kati, mstari hushushwa kwa 2.5. Mama wa Kiafrika mwenye kisukari, urefu wa sentimita 165 na kilo 89, anaufikia mstari huo, ingawa wengine wa urefu wake wangehitaji zaidi kidogo ya kilo 95. Si kwamba atapasuliwa kesho: kwanza kuna mpango wa lishe na mazoezi, na foleni ni ndefu.

Ukiwa Tyseley, hospitali yenye huduma hii iliyo karibu ni Heartlands, Bordesley Green, lakini huendi moja kwa moja. GP wako ndiye anayekuandikia barua. Unapoweka miadi, omba mkalimani wa Kiswahili. Ni bure, na tafadhali usimfanye mwanao mkalimani wa ugonjwa wako. Beba dawa zako zote, hata zile ulizotoka nazo kambini.