Haki ya Jirani Katika Ua na Njia

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, tumeletewa darasani mas-ala na watu wa hapa Malindi. Nyumba mbili zimepeana mgongo, na baina yake pana ua. Ua ni wa mwenye nyumba ya mbele, lakini tangu zama za mababu watu wa nyumba ya nyuma hupita uani humo kutokea njiani. Hapana kilichoandikwa. Mwenye ua alipofariki, warithi wake wakauza, na mnunuzi akaziba kwa ukuta. Hazikupita siku nyingi akafa mtu katika nyumba ya nyuma, na jeneza halikupata pa kutokea ila kwa kuinuliwa juu ya ukuta ule. Tangu siku hiyo watu wa nyumba mbili hizo hawapeani salamu wala hawazikani. Mmoja asema, "Ua ni wangu, nimeununua." Wa pili asema, "Njia ni yangu, nimeirithi." Je, sharia yasemaje?

Mas-ala haya si ya nyumba mbili hizo tu. Toka Mambrui mpaka Takaungu, mitaa yetu ya kale imejengwa kwa kusongamana. Hata katika magofu ya Gede mtu huziona nyumba za kando ya jumba la mfalme zilivyobanana. Wakaao hivyo hawaishi ila kwa kustahamiliana.

Asili ya mlango huu ni mambo mawili, wala halifai moja kushikwa na la pili kuachwa. La kwanza ni haki ya jirani. Mwenyezi Mungu ameamrisha wema kwa jirani wa karibu na wa mbali katika Sura ya Nisaa, aya ya 36, na Mtume (S.A.W.) amekataza kudhuru na kulipizana madhara. La pili ni heshima ya mali ya mtu. Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa mwenye kudhulumu ardhi, ijapokuwa shibiri moja, atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama.

Basi yafaa ifahamike kuwa mapito ni namna tatu.

Ya kwanza ni njia itokeayo, ipitwayo na watu wote. Hii ni haki ya wote, na haijuzu kutoa humo baraza wala roshani yenye kuwadhuru wapitao.

Ya pili ni uchochoro usiotokea. Huu ni wa wale ambao milango yao yafungukia humo, kila mmoja toka mwanzo wa uchochoro mpaka mlangoni pake. Asiye mwenzao hafungui mlango humo ila kwa ridhaa yao.

Ya tatu ni ua wa mtu, nayo ndiyo tuliyoulizwa. Apitaye humo hupita kwa moja ya mawili. Ama ni haki iliyonunuliwa, au iliyoshurutishwa mali ilipogawanywa; hii haiondoki kwa kuuzwa nyumba. Ama ni ruhusa tu, nayo hukumu yake ni ya kitu cha kuazima. Azima haigeuki kuwa milki, ijapokaa miaka mia.

Na asili ikiwa imesahauliwa? Wanazuoni wetu wa Kishafii wamesema kuwa boriti ikikutwa juu ya ukuta wa jirani, wala haijulikani iliwekwaje, huachwa, kwani dhahiri ni kuwa iliwekwa kwa haki. Nasi twaona njia ya kale yafaa itazamwe vivyo hivyo. Kwa hiyo mnunuzi alikosa kuziba kabla ya kuuliza wazee wa mtaa.

Wala asidhani kuwa milki humwondolea mtu kila wajibu. Imam Malik amepokea katika Muwatta kuwa Dhahhak bin Khalifa alitaka kupitisha mfereji katika ardhi ya Muhammad bin Maslama, naye akakataa, ingawa maji yale yangemfaa yeye pia na yasimdhuru. Sayyidna Umar alipoletewa habari aliapa kuwa yatapita. Ni kweli kuwa katika kauli mpya ya Imam Shafii mtu halazimishwi kumwachia jirani ukuta wake. Lakini kutolazimishwa na kadhi ni jambo moja, na kusalimika mbele ya Mungu ni jambo jingine.

Ama wewe mwenye nyumba ya nyuma, nawe sikiliza. Katika Kenya, kwa Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, kadhi huhukumu hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Ugomvi wa ua huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo yakaa hapa Malindi. Na sheria ya serikali humpa haki ya njia aliyepita miaka 20 kwa amani, kwa uwazi na bila ya kukatizwa, apitaye kama mwenye haki, si kwa hisani. Basi ikiwa wajua kuwa babu yako alibisha hodi akaomba, kisha ukakana mbele ya hakimu ili ushinde, ujue kuwa Mtume (S.A.W.) ametuonya kuwa anayehukumiwa haki ya nduguye kwa ufasaha wa maneno yake amekatiwa kipande cha moto. Hukumu ya hakimu haiihalalishi haramu.

Jawabu letu ni suluhu, nayo ni bora, kama ilivyo katika Sura ya Nisaa, aya ya 128. Wakae mbele ya wazee. Ikithibiti kuwa ni haki, ukuta ubomolewe. Ikithibiti kuwa ni ruhusa, mwenye nyumba ya nyuma ainunue njia kwa bei ya wastani, na mwenye ua asikatae, upana wake usipungue upana wa jeneza na wachukuzi wake. Kisha yaandikwe, washuhudie mashahidi, na isajiliwe, ili wajukuu wasirithi ugomvi.

Ama maji ya kisima cha jirani, hayo tutayaeleza katika toleo lijalo, Inshaallah.

Wabillahi Taufiq.