Matooke Hayana Kosa

*Shikamoo Shangazi,*

*Mimi ni mtu wa Tanga, nimeolewa Kampala. Mwezi uliopita mume wangu alipimwa, akaambiwa presha imepanda na sukari iko mpakani. Daktari alimwandikia dawa, akamtaka apunguze chumvi, mafuta na uzito. Nami nikayaondoa mezani matooke (ndizi za kupondwa) na binyebwa (mchuzi wa karanga). Siku hizi jioni tunakula mboga za kuchemsha na samaki asiye na chumvi. Watoto wananuna. Baba yao anaonja kidogo, anasema ameshiba. Juzi nimemkuta kwenye kibanda cha chapati anamalizia rolex. Mama mkwe anasema nyumba nimeigeuza wodi. Nifanyeje?*

*Mama Watoto, Kyebando*

Marahaba, mwanangu. Umemfukuza asiye na hatia. Tazama mama mkwe wako anavyopika matooke: anayamenya, anayafunga kwa majani ya mgomba, anayapika kwa mvuke, kisha anayaponda humo humo ndani ya majani. Hatii chumvi wala tone la mafuta. Mumeo ameyaacha hayo akakimbilia chapati ya kukaanga iliyoviringishiwa mayai ya kukaanga.

Shida iko kwa wanaoandamana na matooke. Sahani ya Kampala unaijua: matooke, wali, posho (ugali), viazi vitamu na muhogo, vyote kwa mpigo, halafu mchuzi juu na mboga za majani kidogo pembeni. Hivyo vitano vyote ni wanga, na mwili huugeuza wanga kuwa sukari. Chagua kimoja kwa kila mlo: leo matooke, kesho viazi. Nusu ya sahani iwe mboga za majani kama nakati, dodo au bbugga. Robo iwe matooke. Robo iliyobaki iwe samaki, kuku au maharage. Hapo mumeo atashiba, na uzito utaanza kushuka bila vita.

Sasa binyebwa. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, kwa hiyo anayeanza kwa kukaanga vitunguu ametia mafuta juu ya mafuta. Koroga karanga zilizosagwa kwa maji ya uvuguvugu, tia kitunguu na nyanya, injika kwenye moto mdogo, uwe unakoroga mpaka mafuta yake yenyewe yaelee juu. Mafuta ya karanga hayana ugomvi na moyo, ila yakizidi yananenepesha. Upawa mmoja kwa mtu unatosha. Ukitaka sufuria ijae, ongeza ntula (nyanya chungu) zilizokatwakatwa badala ya kuongeza karanga. Na ukienda soko la Kalerwe au Nakasero, nunua karanga nzima, uzichambue mwenyewe kabla ya kusagisha. Zilizoota ukungu au kusinyaa zitupe, kwani ukungu huo una sumu inayodhuru ini, na moto wa jikoni hauimalizi.

Chumvi nayo usiifute kwa siku moja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na humo imehesabiwa iliyojificha kwenye mkate na viungo vya pakiti. Anza na hivyo vya pakiti: viache kabisa, maana vingi vimejaa chumvi. Kisha punguza ya kijiko kidogo kidogo, ulimi upate wiki kadhaa za kuzoea. Ladha itafute kwenye tangawizi, kitunguu saumu na ndimu. Mukene, yaani dagaa, waliokaushwa bila chumvi, ukiwaosha vizuri na kuwasaga ndani ya binyebwa, huukoleza mchuzi na kuwapa watoto madini ya mifupa.

Kwa mama mkwe, usiende kujitetea, nenda kujifunza. Mwombe akufundishe luwombo: kuku au karanga zilizofungwa kwenye jani la mgomba lililobabuliwa, zikapikwa kwa mvuke. Husimuliwa kwamba luwombo lilianzia jikoni kwa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, mwaka 1887. Ni chakula cha heshima, na hakihitaji mafuta ya kupikia. Bibi huyo amebeba kichwani mapishi ambayo daktari angeyapigia makofi, na akiyapika kwa mkono wake hatakuwa na wodi ya kulalamikia.

Mambo mawili usiyapuuze. Dawa ziendelee kama zilivyoandikwa, hata presha ikishuka, mpaka daktari mwenyewe aseme. Na kama daktari aligusia figo, muulize kwanza kiasi cha matooke, kwa kuwa ndizi zina potasiamu nyingi.

La mwisho ni la mumeo. Presha ni yake, lakini kazi yote umejitwika wewe. Jumamosi aende sokoni, achague nakati, achambue karanga. Na siku moja kwa wiki rolex iliwe nyumbani, mezani, yai likiwa na nyanya, kabichi na mafuta kidogo. Mtu mzima akishirikishwa hana haja ya kujificha kibandani.