Kazi ya Serikali Katika Mabadiliko ya Hali ya Hewa



Nyumba ya bibi yangu iko Buyenzi, upande wa mto Ntahangwa. Zamani tulicheza mpira nyuma ya ua wake. Sasa hapana nafasi, kwa maana ukingo hukatika kila msimu wa mvua, na usiku bibi huamka kuusikiliza mto. Nilimwuliza kwa nini majirani hawaweki kizuizi. Akanijibu, "Mjukuu wangu, tuliweka magunia ya mchanga. Maji yaliyachukua yote, na maji yenyewe hayakuanzia kwetu."

Neno hilo ndilo somo langu. Ntahangwa hutoka milimani, mashariki ya mji. Huko mteremko ukilimwa bila miti wala mitaro, maji na udongo hushuka pamoja hata kwetu. Tena hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, na mvua kubwa huzidi ukali. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mafuriko yaliua watu zaidi ya 60 katika mitaa ya kaskazini ya Bujumbura. Mtaa wetu hauwezi kumwamuru mkulima wa mlimani. Serikali kuu yaweza.

Kwetu Burundi, IGEBU hupima mvua, OBPE hulinda misitu, na Jukwaa la Taifa hushughulikia maafa. Buyenzi twajua kazi ya namna hiyo: katika gereji yupo fundi wa injini, wa breki na wa rangi, lakini asipokuwapo fundi mkuu gari halitoki. Kipimo cha mvua kikibaki daftarini hakimfai mtu. Sharti kimfikie anayeamua ukuta ujengwe wapi na nani ahamishwe kwanza. Mwaka 2018 Serikali ilianzisha upandaji miti wa nchi nzima, Ewe Burundi Urambaye. Mwaka huohuo Burundi iliridhia Mapatano ya Paris, yanayodai kila nchi ipeleke mpango wake kila miaka 5. Ni mpango mmoja wa nchi, si mmoja kwa kila wizara.

Ntahangwa humwagika Tanganyika, ziwa la nchi 4, ambalo maji yake hutokea kwa mto Lukuga, Kongo. Kwa hiyo nchi hizo zilitia sahihi mkataba mwaka 2003.

Nilimweleza bibi hayo yote. Akasikiliza, kisha akauliza, "Katika hao wote, nani atakuja kwanza kuutazama ukingo wangu?"

Bado namtafutia jibu.