Kuganda, Kukomaa na Kukauka: Maandalizi ya Sakafu ya Bafu kwa Vigae vya Mawe katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Utangulizi

Sajili ya ufundi ni mojawapo ya sajili za Kiswahili ambazo husikika kila siku lakini huchunguzwa kwa nadra. Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Buruburu, Umoja, Dandora na Kayole, kazi ya mjengo huendeshwa kwa Kiswahili, kikichanganyika na Sheng na maneno yaliyotoholewa kutoka Kiingereza. Makala hii inadhamiria kueleza jinsi sakafu ya bafu inavyoandaliwa kabla ya kubandikwa vigae vya mawe. Aidha, inakusudia kuonyesha kuwa kitenzi kimoja kinachotumiwa kiholela, yaani kukauka, chaweza kuiharibu kazi nzima.

Asili ya Istilahi

Neno saruji lina asili ya Kiajemi, ambako lilitaja mchanganyiko wa chokaa uliotumiwa kuzuia maji katika mabirika na hamamu. Sakafu ni neno la Kiarabu ambalo katika lugha hiyo humaanisha paa au dari. Katika nyumba za mawe za Waswahili wa Pwani, sakafu ya chokaa ndiyo iliyokuwa pia paa bapa. Kigae, kwa upande wake, kilikuwa kipande cha chungu kilichovunjika. Bafu, simiti na slopu ni maneno ya Kiingereza yaliyotoholewa. Ni dhahiri, basi, kwamba sajili hii imekuwa ikikopa tangu zamani, na ukopaji wenyewe si dosari. Dosari huzuka pale neno moja linapobebeshwa maana tatu zinazopaswa kutenganishwa.

Ukaguzi wa Sakafu ya Zamani

Nyumba nyingi za zamani katika mitaa hii zilikuwa na sakafu ya saruji iliyotiwa rangi nyekundu na kusuguliwa kwa nta. Nta, mafuta na mabaki ya sabuni huzuia saruji mpya isishikane na ya zamani. Kwa hivyo, fundi huikwaruza sakafu kwa nyundo na tindo hadi afikie zege safi lenye mikwaruzo. Kisha huigongagonga. Sauti nzito huashiria uzima. Sauti ya kitu chenye uwazi ndani huashiria kuwa tabaka la juu limebanduka, na tabaka hilo sharti liondolewe.

Katika nyumba za chini, ukaguzi huanzia ardhini. Eneo kubwa la Eastlands lina udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Maji ya bafu yakivujia chini, udongo huo huinuka na kushuka, na sakafu hupasuka. Nyufa za namna hii hazitibiwi kwa kupakwa saruji juu. Udongo huondolewa, mawe hushindiliwa, karatasi ya nailoni hutandazwa, ndipo zege humwagwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika hali hii, anayeziba ufa bila kuchunguza chanzo chake huenda akaujenga ukuta vilevile.

Suala la Uzito

Katika nyumba za gorofa, swali la kwanza ni uzito. Vigae vya mawe, kama vile vya Mazeras na Galana kutoka Pwani au marumaru ya Kajiado, ni vizito. Jiwe lenye unene wa sentimita 2 lina takriban kilo 50 kwa kila mita mraba, na skridi ya sentimita 4 ina takriban kilo 80. Bafu lenye mita mraba 3 huongezewa karibu kilo 400. Ikumbukwe kwamba sakafu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida hukadiriwa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa kila mita mraba, mbali na uzito wake yenyewe. Isitoshe, kwa sababu ya mgao wa maji, wakazi huweka mapipa bafuni, na pipa moja la lita 200 likijaa lina zaidi ya kilo 200. Ndiyo maana skridi ya zamani huondolewa badala ya kurundikiwa nyingine, na mhandisi huulizwa pale ambapo uthabiti wa jengo unatiliwa shaka.

Mteremko na Skridi

Agizo la "weka slopu kidogo" halitoshi, kwa kuwa kidogo cha mwenye nyumba si kidogo cha fundi. Mteremko unaofaa ni sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea kwenye kitundu cha kutolea maji. Mawe yasiyo laini huhitaji kiwango cha juu, ili maji yasituame mabondeni mwake. Pima maji na ubao mnyoofu hutumiwa kuhakiki mteremko pande zote.

Zege hulowanishwa siku iliyotangulia, kisha hupakwa uji wa saruji muda mfupi kabla ya skridi kumwagwa. Skridi huchanganywa kwa kipimo 1 cha saruji na vipimo 4 vya mchanga safi wa mto. Mchanganyiko uliofaa, ukifumbatwa mkononi, hushikamana bila kuchuruzika maji.

Kuganda, Kukomaa na Kukauka

Hapa ndipo lugha na ufundi hukutana. Asubuhi ya pili, skridi haibonyei tena, na mara nyingi husemwa kuwa "imekauka". Kwa hakika imeganda tu. Saruji haipati nguvu kwa kupoteza maji, bali kwa kuungana nayo kikemia. Ikinyimwa maji mapema, hubaki dhaifu na kufanya vumbi. Kwa sababu hiyo, hufunikwa kwa nailoni au magunia mabichi kwa muda usiopungua siku 7 ili ikomae.

Baada ya kukomaa, ndipo huachwa ikauke. Kanuni ya makadirio ni siku 1 kwa kila milimita ya unene. Skridi ya sentimita 4 huhitaji takriban siku 40, na zaidi katika miezi ya baridi ya Juni hadi Agosti. Anayepaka dawa ya kuzuia maji juu ya skridi mbichi hufungia unyevu ndani. Unyevu huo huibandua dawa, au hupenya baadaye kwenye mawe na kuyatia madoa.

Kuzuia na Kujaribu Maji

Dawa ya kuzuia maji hupakwa mara mbili, ya pili baada ya ya kwanza kukauka. Huendelezwa ukutani sentimita 15 au zaidi, na juu zaidi mahali pa kuogea. Pembe na ukingo wa kitundu huimarishwa kwa utepe wa kitambaa. Baada ya dawa kukauka kabisa, kitundu huzibwa, maji humwagwa na kiwango chake kutiwa alama, kisha huachwa kwa saa 24. Kiwango kikishuka kuliko mvuke unavyoweza kueleza, au dari ya jirani wa chini ikilowa, kosa husahihishwa kabla ya kigae cha kwanza kubandikwa. Likigunduliwa baadaye, mawe yote hung'olewa, na gharama ya dari ya jirani huongezwa juu yake.

Hitimisho

Makala hii imeonyesha kuwa Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kutenganisha kuganda, kukomaa na kukauka. Kinachokosekana ni mazoea ya kuvitumia kwa usahihi. Katiba ya Kenya ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ni wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili, basi, kuifuata sajili hii hadi kwenye mjengo, kuikusanya na kuisanifisha kwa kushirikiana na mafundi wenyewe, ili makubaliano kati ya fundi na mwenye nyumba yaandikwe kwa maneno yenye maana moja kwa wote wawili.