Kichwa Kisichoacha Kuuma: Mwambie Daktari Unakoishi

Kichwa kikiuma wiki baada ya wiki na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, chanzo chake kitafutwe. Panadol haitatosha. Tena, dawa za maumivu zikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, zenyewe huweza kuleta maumivu ya kichwa.

Wakazi wa Owino Uhuru, hapa Mikindani, wanalijua hili. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilichokuwa kando ya nyumba zao kilifungwa 2014, watu wakiwa wameshaugua. Mtoto wa Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alitibiwa malaria na homa ya matumbo bila nafuu, hadi damu yake ilipopimwa ikakutwa na madini ya risasi. Vipimo vya kawaida vya zahanati havionyeshi risasi. Kina kipimo chake, na hakifanywi kama hakikuombwa.

Kwa hivyo mweleze daktari kazi unayofanya, mtaa unaoishi, na kama majirani nao wanaugua. Kichwa kikiandamana na tumbo kusokota, choo kigumu na uchovu, ulizia kipimo hicho. Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe risasi ikifika mikrogramu 5 kwa desilita ya damu. Presha ipimwe pia.

Kichwa kilichoanza ghafla kwa nguvu, au chenye shingo kukakamaa au mkono kulegea, ni cha kukimbizwa hospitali mara moja.

Anayefanya kazi ya betri au vyuma chakavu abadilishe nguo kabla ya kuwabeba watoto. Vumbi la risasi huingia nalo nyumbani.