Namna ya Kukokotoa Bajeti ya Nishati ya Kasa

Mwanafunzi wa sayansi ya bahari hapa Unguja hahitaji maabara kubwa ili aanze kuhesabu maisha ya kasa. Futi ya fundi cherehani, daftari na jedwali la kompyuta vinatosha. Anza na swali moja lenye maana kwetu: kasa anayelisha kwenye maji yetu atachukua miaka mingapi mpaka atage?

1. Gawa maisha kwa hatua. Kila hatua ipe safu yake, kwa sababu chakula hubadilika. Yai hukaa mchangani takriban siku 60 na mtoto aliyemo huishi kwa kiini chake. Akitoka ana sentimita 5 na gramu 25 hivi. Huchukuliwa na mikondo hadi bahari kuu, akila viumbe wadogo. Akishakua kiasi hurudi pwani, na polepole huhamia kwenye majani ya bahari na mwani. Hatua ya mwisho ni ya mzazi.

2. Pima kwa njia ileile kila mara. Pa kujifunzia ni hifadhi ya Mnarani, Nungwi, iliyoanzishwa mwaka 1993 kwenye bwawa la asili linaloingiwa na maji ya bahari. Kasa analindwa na sheria, kwa hiyo omba kibali kwanza na uwaache walezi wamshike wao. Weka ncha ya futi kwenye ukingo wa gamba nyuma ya shingo, ilaze katikati ya mgongo, ifikishe mwisho wa gamba juu ya mkia. Kama kuna viumbe vilivyoganda njiani, andika, maana futi itainuka na kukuongezea urefu usiokuwepo. Kisha mpime uzito. Urefu ukiongezeka maradufu, uzito hupanda karibu mara nane: kasa wa sentimita 50 ana kilo 15 hivi, wa sentimita 100 hukaribia kilo 120. Namba iliyo mbali sana na hapo irudie kuipima.

3. Panga malipo kwa zamu. Nadharia ya bajeti badilifu ya nishati, aliyoianza Mholanzi Bas Kooijman mwaka 1979, inasema chakula huingia kwanza kwenye akiba ya mwili. Sehemu moja ya akiba hutunza mwili, na kinachobaki huukuza. Sehemu nyingine hugharamia ukomavu, kisha mayai. Ni kama mshahara wa nyumbani: kodi hulipwa kabla ya kununua kabati. Chakula kikipungua, utunzaji haukatwi. Hukatwa ukuaji na mayai. Na mayai ni ghali. Moja lina gramu 45 hadi 50, kwa hiyo shimo la mayai 110 ni kilo 5 hivi. Akitaga mara tatu msimu mmoja, ametoa kilo 15. Ndiyo maana hupumzika miaka miwili au zaidi kabla ya kurudi ufukweni.

4. Kokotoa ukuaji. Chukua urefu wa juu kabisa, tuseme sentimita 105, toa urefu wa sasa, kisha zidisha pengo hilo kwa kasi ya ukuaji. Kwa kasi ya mfano ya asilimia 8 kwa mwaka, kasa wa sentimita 45 ataongeza sentimita 4.8, na wa sentimita 85 ataongeza 1.6 tu. Rudia mwaka baada ya mwaka ukianzia sentimita 5, mpaka afikie urefu wa kutaga, tuseme sentimita 90.

5. Tia joto la maji. Joto la mwili wa kasa hufuata la bahari. Shughuli za mwili huongezeka kasi mara mbili hadi tatu kwa kila nyuzi 10. Maji ya kaskazi yakizidi ya kusi kwa nyuzi 4, gharama ya kuishi hupanda kwa theluthi moja hadi nusu. Gawa mwaka kwa misimu. Wastani mmoja hautoshi.

6. Jaribu hesabu yako. Usichukue kasi ya kasa wa bwawani ukaipachika kwa kasa wa bahari ya kisiwa cha Mnemba: wa bwawani hulishwa, wa Mnemba hujitafutia. Halafu badilisha namba moja tu. Ukitumia asilimia 8, kasa hufika sentimita 90 baada ya miaka 23 hivi. Ukitumia asilimia 5, hufika baada ya miaka 37. Hiyo ni miaka 14 zaidi ya kukwepa nyavu kabla ya yai la kwanza. Kwa hiyo andika jibu lako kama upeo, kutoka miaka mingapi hadi mingapi.

Ukimaliza, ipeleke hesabu kwa kamati ya wavuvi ya shehia kabla ya kuipeleka chuoni. Juya linapong'oa majani ya bahari, kasa hakosi mlo wa siku hiyo tu. Anacheleweshwa kutaga kwa miaka. Wavuvi ndio wanaoamua nyavu zipite wapi, na wanastahili kuiona namba hiyo kwanza.